Mjomba, Hili Gari la Umeme Nilinunue?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni muuguzi na mama wa watoto wawili. Ninaishi Mbezi Luis, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye familia tatu, na kazi yangu iko Upanga. Nikijumlisha kwenda, kurudi na kumpitisha mtoto wangu wa kwanza shuleni, simu yangu inahesabu kilomita 55 kwa siku, nami ninafanya kazi siku 26 kwa mwezi, baadhi zikiwa za zamu ya usiku. Kwa miaka minne nimekuwa nikiweka fedha kidogo kidogo kwenye kikoba ili ninunue gari, na siku zote nilikuwa nikiiwazia Toyota IST kama wenzangu wa wodini.

Mwezi uliopita dalali mmoja alinipeleka kwenye yadi akanionyesha Nissan Leaf ya mwaka 2014, nyeupe, safi ndani na nje, iliyotembea kilomita 61,000. Anataka shilingi milioni 16 na nusu, ushuru umeshalipwa na namba imeshatoka. Alinionyesha karatasi inayosema kwamba likichajiwa mara moja linatembea kilomita 228, akaongeza kwamba betri ya gari hili haifi, na kwamba kwa kuwa halina injini sitaonana na fundi tena maishani. Nilipoketi kwenye kiti cha dereva niliona, upande wa kulia wa dashibodi, safu ya vipande vidogo vyeupe. Nilivihesabu, vilikuwa kumi. Nilipouliza maana yake nikajibiwa kwamba ni taa za urembo.

Baba watoto hataki hata kulisikia. Anasema masika yakitukuta Jangwani gari hilo litatuua sote kwa shoti, na fundi wetu amekataa kata kata kufungua boneti yake. Tena LUKU yetu ni moja kwa familia tatu, na hata sasa kila mwezi tunagombana kuhusu nani ametumia pasi. Je, ninunue au nirudi kwenye IST? Na nikilitaka, nimuulize muuzaji nini ili nisije nikalia?

Muuguzi wa Mbezi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na vile vipande kumi, kwa sababu katika barua yako yote hakuna jambo lenye thamani kubwa kuliko hilo, na ninakupongeza kwa kuvihesabu. Si urembo. Leaf mpya hutoka kiwandani ikiwa na vipande kumi na viwili, na kila kinachopotea ni taarifa kwamba betri imepungua uwezo wake wa kubeba umeme. Kupungua huko hakurudishwi na kuchaji hata ukichaji usiku kucha. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa imepoteza takriban asilimia 15, na vinavyofuata hupotea kwa asilimia sita hivi kila kimoja. Kwa hiyo gari lenye vipande kumi lina betri iliyobakiwa na kati ya asilimia 72 na 78 ya nguvu lililozaliwa nayo. Anayekuuzia gari la umeme huku akikwambia kwamba kipimo hicho ni taa za urembo, ama halijui gari lake, ama analijua vizuri sana.

Sasa tuzungumze kwa lugha ya LUKU, ambayo wewe na mimi tunaielewa. Betri ya Leaf ya mwaka 2014 huitwa ya kilowati-saa 24, na kilowati-saa moja ndiyo uniti moja unayoinunua kwa simu. Ichukulie kuwa ni tanki la uniti 24, ambalo gari jipya lilimruhusu dereva kutumia takriban 21, nyingine zikiachwa kama akiba ya kuilinda betri. La kwako, likiwa na vipande kumi vya kweli, litakuwa tanki la uniti 16 hivi. Zile kilomita 228 si uongo wa dalali. Ni kipimo rasmi cha Japani cha wakati ule, kilichofanywa kwa mwendo mpole kwenye maabara, gari likiwa jipya. Wamarekani walilipima gari hilohilo la mwaka 2014 wakaandika kilomita 135, na mimi nimeona kwamba barabara zetu zinakubaliana zaidi na Wamarekani. Chukua robo tatu ya 135 upate kilomita kama 100, kisha ondoa akiba ya kukufikisha nyumbani siku Barabara ya Morogoro imefungwa na umekwama kwenye foleni na kiyoyozi kinafanya kazi. Unabaki na kilomita 80 za kuzitegemea. Safari yako ni 55. Kwa leo, gari linakutosha.

Nimesema kwa leo. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipooza kwa maji kama zilivyo betri za magari mengi ya umeme ya siku hizi. Hupoa kwa hewa inayopita chini ya gari tu, na joto ndilo adui yake mkubwa. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, walianza kulalamika kwamba vipande vinapotea magari yakiwa bado mapya, hadi kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri na baadaye, kwa matoleo ya mwaka 2015, ikaleta betri iliyotengenezwa ili istahimili joto zaidi. Dar es Salaam haifikii joto la Phoenix la kiangazi, lakini pia haina majira ya baridi ambayo betri ingepumzika. Gari linalokutosha leo kwa kilomita 25 za ziada litakuwa linakubana baada ya miaka michache, na dhamana ya Japani haikuvuka bahari pamoja nalo. Siku hiyo hutakuwa na haki ya kumlaumu mtu.

Kuna jambo baya zaidi ambalo ni lazima ulijue. Vipande hivyo huweza kudanganywa. Mwenye kifaa cha kuzungumza na kompyuta ya gari anaweza kuifuta kumbukumbu ya betri, na gari likawaka na vipande kumi na viwili kama limetoka kiwandani jana. Kompyuta huchukua wiki kadhaa kugundua ukweli, kisha vipande vinaanguka kimoja baada ya kingine wakati wewe umeshabadilisha kadi. Ndiyo maana gari lenye vipande kumi lisikukatishe tamaa kuliko la jirani lenye kumi na viwili kwa bei ileile. Magari yote mawili yapimwe.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji mtaalamu. Kinahitaji usiku mmoja, ndugu au rafiki mwenye LUKU yake peke yake, na muuzaji aliye tayari kukuachia gari kwa dhamana ya kadi yako ya kazi au ya fedha kidogo. Liendeshe gari mpaka asilimia kwenye dashibodi ishuke hadi 20. Lichomeke kwa huyo ndugu, friji na pampu zikiwa zimezimwa, na uandike uniti zilizosomeka kwenye mita. Liache hadi lifike 100, kisha usome tena. Leaf ya namna hiyo ikiwa mpya ingevuta ukutani uniti kama 20, kwa sababu sehemu hupotea kama joto njiani. Yenye vipande kumi vya haki inapaswa kuvuta kama 15. Ukiona zimeingia 12 tu, betri iko chini ya asilimia 65, na vile vipande kumi ulivyovihesabu vimepakwa rangi. Kwa soketi ya kawaida ya pini tatu kazi hii huchukua saa sita hadi nane, kwa hiyo anza jioni.

Pamoja na kipimo hicho, tafuta kijana mwenye programu ya simu iitwayo LeafSpy na kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Programu hiyo inaonyesha afya ya betri kwa asilimia, idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya haraka, na jambo ambalo dashibodi haiwezi kukuonyesha kabisa: hali ya kila jozi ya seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri nzima. Ndani ya betri hiyo kuna jozi 96 zilizopangwa mfululizo, na zikiwa mfululizo jozi iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua safari inaishia wapi. Omba uonyeshwe mchoro wa jozi hizo mara mbili, betri ikiwa imejaa na ikiwa imeshuka chini ya asilimia 25. Ikiwa imejaa, zote huonekana kama majani ya nyasi yaliyofyekwa sawasawa. Ikishuka, jozi mbovu hujitokeza kwa kuzama peke yake, na tofauti yake na wenzake ikivuka milivolti 100 ujue kuna moduli, yaani kifurushi cha seli, inayokufa. Muuzaji anayekuonyesha gari likiwa limejaa tu kila unapokwenda, ana sababu zake.

Uliza pia karatasi ya mnada. Magari mengi ya namna hii hununuliwa kwenye minada ya Japani, na kwa Leaf wakaguzi wa mnada huwa na desturi ya kuandika idadi ya vipande siku ya kuuzwa. Karatasi ikisema tisa na dashibodi inasema kumi, hapo mjadala umekwisha, kwa maana betri haikui. Usishangae kuziona kwetu Leaf za miaka hiyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, ilhali Tanzania inaliruhusu lakini inalitoza ushuru wa bidhaa wa ziada kwa uchakavu, asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 likizidi hapo. Ndiyo maana, iwapo utafikiria kuagiza mwenyewe, pitia kwanza kikokotoo cha TRA. La mwaka mpya kidogo huweza kukugharimu karibu sawa na la zamani baada ya kodi.

Kuhusu LUKU yenu, hapa nitakuwa mkali kidogo. Usinunue gari hili kabla ya kulimaliza jambo hilo, hata betri ikitoka na alama zote. Kilomita 55 zitakula uniti 10 hivi kwa siku, yaani uniti 260 kwa mwezi, na ikiwa hivi sasa mnagombana kwa ajili ya pasi, sijui mtaongea lugha gani siku hiyo. Zungumza na mwenye nyumba kwa maandishi kuhusu kuwekewa mita yako kutoka TANESCO. Asipokubali, basi angalau sabmita inayohesabu soketi ya gari peke yake, ambayo wapangaji wenzako wataisoma pamoja nawe kila mwisho wa mwezi. Soketi hiyo ivutiwe waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye meini switchi, iwe na ethi ya kweli iliyofukiwa ardhini na si ile ya kuchorwa, na isichomekewe kitu kingine. Nimeshika kwa mkono wangu plagi ya chaja iliyokuwa imeyeyuka na kugandamana na ekstensheni ya dukani. Pasi hutumika dakika kumi. Gari huvuta umeme saa nane bila kupumua, na waya mwembamba hauvumilii hilo.

Waya wa kuchajia wenyewe uukague. Mingine kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na kuuchomeka huo kwenye volti 230 za kwetu ni kuuaga. Soma maandishi yaliyo kwenye kisanduku chake. Kama haukubali volti zetu, mwambie muuzaji akupe unaokubali, wenye kichwa cha aina ya kwanza, ndicho kinachoingia kwenye Leaf ya Japani, na uliopunguzwa hadi ampea 10 kwa soketi ya nyumbani. Tundu la pili, lile kubwa, ni la chaja ya haraka ya CHAdeMO. Kwa safari zako za kila siku hutalihitaji. Kwa safari ya Morogoro au kijijini panda basi, ukalale usingizi wako vizuri.

Hesabu ya fedha ndiyo inayonifanya nisikukataze. Ukijumlisha kodi na tozo, uniti kwa mteja wa kawaida ni takriban shilingi 360, basi uniti 260 ni kama shilingi 94,000 kwa mwezi. Wale walio kwenye daraja la bei nafuu la uniti 75 wajue kwamba gari litawatoa huko mara moja. IST katika foleni yetu, ikienda kilomita 11 kwa lita, itakula lita tano kwa siku. Chukua petroli kwa shilingi 3,000, ingawa EWURA hubadilisha bei kila mwezi, utaona shilingi 390,000. Tofauti ni karibu laki tatu kila mwezi, bila oili ya injini, plagi wala mkanda. Lakini tofauti hiyo usiile yote. Iweke sehemu kwenye kikoba kilekile, kwa sababu betri nyingine iliyotumika, pamoja na kuisafirisha, kuilipia ushuru na kuifunga, inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na siku yake itafika.

Baba watoto mjibu kwa heshima, kwa maana nusu ya hofu yake ina msingi. Mvua ya kawaida haina neno. Betri imefungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, na gari hujikatia umeme mkubwa lenyewe likigundua hitilafu. Maji ya Jangwani yaliyovuka magurudumu ni habari nyingine, na humo hata IST haiponi. Jambo analopaswa kulitazama yeye mwenyewe, akilala chali kwenye kigodoro, ni tumbo la gari. Betri iko huko chini, na matuta yetu hayana huruma. Akiona kasha limebonyea, limechanika, au viunganishi vyenye kutu na alama ya tope la mafuriko, ondokeni wote wawili bila kuaga.

Fundi wenu naye asilaumiwe. Nyaya nene za rangi ya chungwa zinabeba volti zinazokaribia 400, na anayekataa kuzigusa bila mafunzo ana akili kuliko anayekubali. Hata hivyo bushi, boljointi, shokapu na brekipedi za Leaf ni kazi ya fundi yeyote, na dalali alikudanganya aliposema hutaonana naye. Ipo pia betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ikichoka, dashibodi hujaa taa za kutisha na watu hudhani gari zima limekufa, kumbe ni betri ya kununua dukani.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa milioni 16 na nusu, likiwa na vipande kumi na likiwa halijapimwa, usilichukue. Likivuta uniti 15 au zaidi usiku wa kipimo na jozi zake zikiwa sawa, mshushe bei kwa kumwonyesha hizo hizo namba, na mkataba uandike kwamba milioni moja inabaki mkononi mwako kwa wiki sita hadi vipande vionekane havijaanguka. Akikataa sharti hilo huku akiapa kwamba betri haifi, amekujibu. Kama unaweza kungoja miezi michache zaidi, mimi ningetafuta Leaf ya kuanzia mwaka 2016 yenye betri ya uniti 30, kwa sababu hata ikipungua robo bado inabaki na zaidi ya ulichonacho kwenye hii, na safari zako za zamu ya usiku zinahitaji ziada hiyo siku umeme umekatika mchana ulipotaka kuchaji.

Neno la mwisho ni la usiku wa kipimo wenyewe. Mteja wangu mmoja alikaa siku mbili akiamini chaja yake imekufa: anachomeka adhuhuri, gari halichaji, akirudi usiku anakuta limejaa. Mwenye gari wa kwanza kule Japani alikuwa ameliwekea muda wa kuanza kuchaji saa saba usiku, na saa ya gari ilikuwa bado ya Japani, saa sita mbele yetu, kwa hiyo kila siku lilisubiri ifike saa moja jioni ya Dar es Salaam. Ukishachomeka, tazama juu ya dashibodi kwenye taa tatu ndogo za bluu. Zikiwaka kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, gari linasubiri saa yake. Bonyeza kitufe cha kuchaji papo hapo kilicho karibu na usukani, ungoje taa moja ianze kupepesa mahali pamoja, ndipo uandike namba ya mita na kwenda kulala.

Mjomba